Tairi pana nilizofunga Tabora, na mazishi ambayo baba alichelewa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu za magari kimya kimya kwa muda mrefu. Leo naleta wa kwangu, na sina sababu ya kuongeza chumvi. Mtu hatungi uongo wa kujiaibisha mwenyewe.

Nianze na waliosema sitaweza.

Nilipoondoka Sikonge kwenda Muscat, walisema nitarudi na begi la nguo na simu yenye kioo kilichopasuka. Niliporudi wakasema, haya, amerudi, lakini gari hatanunua. Niliponunua wakasema gari la namna ile halifiki Tabora, litalala Dodoma.

Mjomba wangu ndiye aliyeniumiza zaidi. Alisema mbele ya watu, tukiwa tumetoka ibadani: "Gari la milango miwili ni la mtu asiye na ndugu."

Watu walicheka sana. Niliiweka moyoni.

Gari likafika. Nililiendesha mwenyewe kutoka bandarini hadi Ng'ambo ninapoishi, na Dodoma nilisimama kunywa chai tu. Mimi sijabebwa na mtu. Diploma yangu ya ufundi wa magari niliisoma kwa kuuza asali ya baba ndoo kwa ndoo. Muscat nilianza kwa kufagia gereji, nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu. Haya nayasema ili mjue aliyekosea si mtu asiyejua tairi ni nini.

Jina la gari silitaji. Wa Tabora mnalijua, lipo moja tu. Ni coupe ya Kijapani, turbo, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta, kiti kinakushika mgongoni.

Sasa tuje kwenye tairi, maana ndizo zilizonileta hapa.

Lilikuja na tairi zilizokauka, zina nyufa. Saizi ni 205/55R16. Kwa wasiojua: 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ile 55 ya katikati ni urefu wa ubavu, kwa asilimia ya upana. Shikeni hiyo namba ya katikati. Wengi tunaisoma kwa haraka kama mwaka wa kuzaliwa wa mtu mwingine.

Nilikuwa na njia tatu.

Ya kwanza, kununua tairi za kawaida za saizi ile ile. Magari mengi madogo ya mjini yanatumia hiyo, unaipata duka lolote Tabora. Niliikataa kwa sababu hiyo hiyo. Nimetoka Muscat nije nivae kiatu cha kila mtu?

Ya pili, kuagiza tairi za performance katika saizi ile ile. Zipo. Mpira wake ni laini kidogo, unashika lami vizuri, una mifereji ya kutosha kutoa maji, na ubavu unabaki ule ule wa kuvumilia mashimo. Mtu mwenye akili angeishia hapa. Mimi nilizisoma, nikazielewa, nikazipita.

Ya tatu, kuhamia rimu za inchi 18. Mbele 225/40, nyuma 265/35, tairi zinazokaribia zile za mashindano, mifereji michache na kifua kikubwa. Bei yake tuiache.

Hesabu nilifanya. Kipenyo chote kilikuwa karibu sawa, mwendo kwenye dashibodi usingedanganya sana. Lakini ubavu wa tairi ulikuwa umepungua kama unene wa vidole viwili. Nilijua kwamba ubavu mfupi unafanya gari litii usukani, na nilijua kwamba ubavu huo huo ndio unaopokea shimo. Nilijua pia kwamba kwa kuwa nyuma ni pana kuliko mbele, huwezi kuhamisha tairi la mbele kwenda nyuma, na tairi moja la akiba halitoshi kuokoa pande zote. Basi nikatoa tairi la akiba kabisa, nafasi yake nikaweka spika.

Najua mtauliza kwa nini. Kwa sababu nilitaka nikipita, yule aliyesema Dodoma ageuke.

Na aligeuka. Kwa wiki chache nilikuwa mfalme wa mji. Kona ya kituo cha treni gari lilikuwa linaikata kama kisu kwenye mkate. Mvua ya kwanza ilipodondoka liliteleza kidogo njia ya Sikonge. Nikalirudisha barabarani na kujisifu kwamba najua kuendesha.

Hapa nimtambulishe jirani yangu, Mama Zena.

Mama Zena ni Mzaramo wa Kisarawe. Alikuja Tabora na mumewe aliyekuwa mfanyakazi wa reli, mume akafariki, yeye akabaki. Anapika chapati na supu mbele ya nyumba ninayokaa. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ni watani. Wasiojua: babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku hadi pwani, wakipita kwao, na utani ulianzia njiani humo. Mtani anakutukana asubuhi, na huruhusiwi kukasirika.

"Mnyamwezi!" ananiita nikitoka. "Babu yako alibeba pembe begani akafika pwani. Wewe unabebwa na gari na bado unachoka!"

Namjibu, "Na babu yako alikuwa amekaa kivulini anasubiri mzigo ufike apokee."

Ndiyo maisha yetu. Baba mkubwa wangu, kaka yake baba, aliwahi kupanga nyumba hiyo hiyo kabla hajarudi Usoke kulima tumbaku. Yeye na Mama Zena walitaniana mpaka watu walidhani wana kesi.

Wiki ya mwisho kabla ya mambo haya nilipiga tuta jipya ambalo sikuliona, likalia nyuma kushoto. Nikashuka. Nikaangalia rimu. Haikupinda, haikukwaruzika, nikamshukuru Mungu nikaondoka.

Wakuu, niliangalia rimu. Tairi sikuliangalia.

Kisha ikaja simu kwamba baba mkubwa amefariki, mazishi kesho yake mchana, Usoke.

Ukoo wa Sikonge ukakodi Noah ya abiria. Baba alikuwa amewekewa siti ya mbele, kwa heshima. Nikapiga simu nikasema hapana. Baba yangu hapandi Noah ya kukodi wakati mimi nipo. Nitamfuata mwenyewe.

Baba akasema kwenye simu, "Mwanangu, mimi ninachotaka ni kimoja. Nimwone kaka yangu uso kabla hajafunikwa."

"Utamwona, baba. Tutafika kabla yao."

Asubuhi nikamfuata. Alikuwa amevaa suti yake ya Krismasi na kofia, mkononi ndoo ndogo ya asali ya wafiwa. Kuingia kwenye coupe kulimtesa. Magoti yalikuja karibu na kidevu.

"Kiti hiki mbona kinanikumbatia?" aliuliza.

"Ndivyo kilivyo, baba. Kinakushika usiyumbe."

"Sawa. Lakini mimi na yeye hatujafahamiana."

Nilicheka. Noah ilikuwa imetangulia. Tulipofika Tabora mjini tairi zilikuwa na tope, na mimi sikuweza kuingia msibani Usoke na tairi zenye tope. Nikasimama Ng'ambo, vijana wa kuosha magari wakazimwagia maji, wakapaka ile dawa ya kung'arisha tairi. Mimi nikaingia ndani kubadili shati.

Nilipotoka, Mama Zena alikuwa ameshafunga jiko lake, kanga begani, anasubiri basi la Urambo. Alikuwa anakwenda msiba huo huo. Amekaa kwenye kigoda chake cha chini, macho yake usawa wa magurudumu.

"Mnyamwezi, tairi lako limeota jipu."

"Jipu liko kwenye macho yako, Mzaramo."

"Nakwambia! Wanalipaka mafuta badala ya kulitumbua! Mtakuja kulia njiani nyie wapagazi!"

Vijana wakacheka. Nami nikacheka. Baba akatoa kichwa dirishani.

"Yule mama anasema nini?"

"Mtani huyo, baba. Achana naye."

Hilo ndilo kosa langu, wakuu, na sidhani mtu wa mbali anaweza kulifanya. Mtu baki angeniambia tairi lina uvimbe ningeinama nikaangalia. Mtani akiniambia, masikio yangu yanajifunga yenyewe, yanatafuta jibu la kumrudishia. Na ndani ya uzio wangu, hatua chache kutoka tulipokuwa, zilikuwepo rimu zangu za zamani zimefunikwa na turubai.

Basi likaja, likamchukua. Vijana walipomaliza kupaka, nasi tukaondoka.

Barabara ya Urambo ni lami nzuri, jua lilikuwa limeshawaka. Nilikuwa nataka kuikuta Noah na kuipita. Baba alishika ndoo ya asali kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia. Tairi la nyuma kushoto halikutoa upepo polepole, lilipasuka. Gari likacheza mara mbili, nikalishika, likasimama ukingoni. Asali ilikuwa imemwagikia suti ya baba.

Nilishuka nikakuta ubavu umefunguka kama mdomo. Nilikuwa na kopo la dawa ya kuziba pancha. Dawa hiyo ni ya tundu la msumari, ubavu uliopasuka haiuwezi, nami nilijua hivyo hata nilipokuwa naitikisa.

Nikaanza kupiga simu maduka ya tairi mjini.

"265/35R18," nikasema.

"Rudia, kaka."

Nikarudia.

"Hiyo ni ya gari au ya ndege?" Nikasikia anamuuliza mwenzake, mwenzake akacheka. "Kaka, tuna ya Noah, tuna ya Fuso, tuna ya trekta, tuna ya toroli. Hiyo yako labda uagize Dar."

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alidhani natania.

Wakati huo simu ya Usoke ikaingia. Binamu yangu alikuwa msibani. "Mko wapi? Mchungaji anauliza, na wingu linakuja. Noah irudi kuwachukua?"

Hapo ndipo palipokuwa na wokovu wa siku nzima. Noah ingerudi, ingemchukua baba, angefika.

Nikasema, "Hapana, tuko karibu. Tunafika sasa hivi."

Sikuweza kutamka kwamba coupe yangu imelala barabarani na nahitaji Noah.

Kando ya barabara palikuwa na nyumba ya Mama Kulwa, mama wa mapacha, mkulima. Baba alimsalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Akaitikia, akamletea stuli na maji ya kufutia asali, kisha akamfungulia mwavuli wake juu ya kichwa kwa ajili ya jua. Dereva wa lori la tumbaku akasimama, akaniazima jeki na kipande cha gogo. "Ukimaliza acha kwa huyu mama," alisema.

Mnajua jeki ile niliifanyia nini? Nilinyanyulia gari ili rimu isikae chini.

Baba alikuwa ananiangalia. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi naomba pikipiki."

Bodaboda wa Usoke akapatikana. Wingu lilikuwa limeshafika, bodaboda huyo akavua koti lake la mvua akamvalisha baba juu ya suti. Mama Kulwa akamwambia baba aende na mwavuli pia. Baba alipanda akiwa ameukumbatia, kofia kaiweka kifuani.

Wakuu, mimi nilibaki. Nilijiambia siwezi kuacha rimu zile barabarani. Baba yangu akaenda kumzika kaka yake na mtu asiyemjua, mimi nikabaki kulinda rimu.

Yaliyotokea Usoke nilisimuliwa.

Walimsubiri baba mpaka mchungaji akasema haiwezekani tena, mvua inakuja na kaburi litajaa maji. Jeneza likafungwa. Likashushwa. Walipoanza kufukia, Mama Zena akanyakua jembe akakaa nalo kwenye ukingo wa kaburi, miguu inaning'inia.

"Mpagazi hapiti bila ushuru! Huyu alinitukana miaka na miaka, leo aondoke bure?"

Watu wakacheka, maana mtani ana haki hiyo msibani. Wakampa kuku. Akampokea, akakaa. Wakampa kanga. Akajitanda, akakaa. Wazee wakaanza kuchoka naye, mmoja akamwambia, "Mama, sasa imetosha." Akajibu kwa sauti ya chini, na hapo ndipo walipoelewa, "Ndugu yake yuko njiani. Tairi lao ni bovu, nimeliona."

Mvua ikaanza. Wakamwondoa kwa upole, wakafukia. Lakini jembe lile hakuliachia, na sehemu ya juu ya kichwani akakataa isisawazishwe.

Baba alifika amelowa. Bodaboda ilibidi ajibanze mahali mvua ilipokuwa kali. Mama Zena akamkabidhi jembe.

"Nimekubakizia udongo, kaka. Uso nimeshindwa."

Baba akavuta udongo ule wa mwisho. Mimi nilifika jioni juu ya lori la magunia, gari nimemwachia Mama Kulwa alitazame, watu wameshakula. Baba aliniuliza kitu kimoja tu: "Gari umeliacha salama?"

Aliuliza bila dhihaka. Ningependa kungekuwa na dhihaka.

Kesho yake nilitoa rimu za zamani chini ya turubai, nikanunua tairi nne mpya za 205/55R16 duka ambalo liko karibu na jiko la Mama Zena. Tairi za kawaida, bado sijaagiza za performance. Nikazipeleka kwa bajaji mpaka lilipokuwa gari, nikafunga, likaondoka kama hakuna kilichotokea.

Sasa kwa anayetaka kubadilisha tairi za sports car na anaishi mikoani. Uliza kwanza saizi ipi inauzwa mahali unapoishi, ndipo uulize ipi inashika kona. Usipunguze ubavu kwa barabara yenye matuta usiyoyajua. Ukipiga shimo, shuka uangalie tairi pande zote, nje na ndani. Uvimbe ubavuni maana yake nyuzi za ndani ya tairi zimeshakatika, hauponi. Tairi la akiba liache mahali pake. Na mtu akikwambia tairi lako lina kitu, hata kama ni adui, inama uangalie.

Ilipofika siku ya kuweka msalaba, niliamka mapema nikaenda Sikonge kumchukua baba. Gari safi, tairi mpya.

Nikamkuta ameshakaa ndani ya Noah, dirishani, kofia mapajani.

"Shikamoo baba. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Tangulia tu, mwanangu. Sisi tunakuja."

Mjomba alikuwa siti ya nyuma yake. Nilisubiri aseme neno lake la milango miwili. Aliangalia pembeni.

Nikapita Ng'ambo, Mama Zena akaingia kwenye kiti kile. "Heh! Kinakumbatia kama mume mpya!" Nilimuuliza kwa nini hakunishika shati siku ile, akaniambia ukweli bila utani. "Nilisema kwa sauti, mwanangu. Ningesema vipi tena?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Siku hiyo nililipa kila aliyeniazima. Mwavuli nilimrudishia Mama Kulwa, na ndoo ya asali juu yake. Jeki na gogo vilikuwa bado kwake vinamsubiri dereva, ambaye alivipitia nikiwa bado hapo, nikampa mkono. Koti la mvua nikampa bodaboda Usoke, limefuliwa. Mama Zena alitaja faini yake mwenyewe: lile tairi lililopasuka. Amelilaza mbele ya jiko lake, ndilo benchi la wateja. Anawaambia, "Kaeni Muscat, chapati inakuja."

Makaburini baba alisimama kwa kaka yake muda mrefu. Alipotoka alipita karibu na gari langu, akaligusa tairi la nyuma kwa ncha ya kiatu.

"Haya ni manene kidogo."

"Ndiyo, baba."

"Haya."

Akaenda akapanda Noah. Nikaifuata kwa nyuma mpaka Tabora, sikuipita.

Wakuu, waliowahi kufunga inchi 18 mikoani waseme ukweli wao hapa, na anayejua la kumfanyia mzee ili akubali tena kupanda gari la mwanae anishauri, nasoma kila jibu. Rimu ninazo zote nne, na tairi tatu nzima, anayezitaka aje Ng'ambo. Tairi la nne lina mwenyewe.